Nani Hulipa Mtu Anapoumia: Historia ya Dhima ya Ajali katika Mashamba ya Mkonge ya Mazinde

Dhima ya ajali ni wajibu wa kisheria wa kulipa madhara yaliyompata mtu kwa sababu ya uzembe wa mwingine, au kwa sababu ya mashine, jengo, shimo au maji yaliyo chini ya usimamizi wa huyo mwingine. Sheria hiyo huamua nani atawajibika mtoto anapozama katika bwawa la kuogelea la hoteli. Vilevile huamua nani atawalisha watoto wa kibarua aliyepoteza mkono kiwandani. Tanzania Bara ilijifunza sehemu kubwa ya sheria hii kazini, hasa kwenye mashamba makubwa, na kati ya mashamba hayo yale ya mkonge ya mkoa wa Tanga yana historia ndefu kuliko mengi. Mazinde ni mojawapo ya mahali ambapo historia hiyo yaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Mazinde iko wilaya ya Korogwe, kwenye tambarare kavu iliyo chini ya ukuta wa milima ya Usambara Magharibi, kando ya barabara na reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi, mbele kidogo ya Mombo. Juu ya ukuta huo, upande wa Lushoto, kuna Mazinde Juu, yenye ubaridi, migomba na mboga. Chini kuna joto, vumbi na mistari mirefu ya mkonge. Kwa zaidi ya karne moja vijana wa milimani na watu wa mikoa ya mbali wameteremka au kusafiri hadi tambarare hiyo kutafuta ujira.

Kabla ya mashamba

Kabla ya mkonge, Mazinde ilikuwa mji wa kitawala na wa biashara. Baada ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, kufariki mwaka 1862, milki ya Wasambaa iliingia katika mvutano wa kurithi. Semboja, mmoja wa wanawe, alijiimarisha Mazinde badala ya kupanda Vugha kwenye kiti cha jadi, kwa kuwa misafara ya pembe na bunduki ilipita bondeni. Nguvu yake ilitoka kwenye njia hiyo ya biashara.

Katika utaratibu wa wakati huo, mtu aliyeumia au kuuawa alikuwa jambo la ukoo mzima. Wazee wa pande mbili walikutana, na shauri likishindikana lilipelekwa barazani kwa mtawala. Lililotafutwa ni nani alimtendea nani, na ukoo upi uulipe upi. Mhusika alifahamika kwa jina na kwa nasaba, hivyo hakukuwa na ugumu wa kumpata wa kudaiwa. Ugumu huo ulikuja pamoja na mashamba, kwa sababu pale kibarua alimfanyia kazi mtu asiyemjua, katikati ya wenzake wasio ndugu zake, mbele ya mashine isiyo na ukoo.

Wajerumani waliweka kituo Mazinde mwanzoni mwa miaka ya 1890. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwanawe Mputa, aliyekuwa Vugha, alinyongwa na Wajerumani mwaka huohuo. Makao ya utawala wa wilaya yakahamia milimani Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, na bonde likaachiwa walowezi na reli. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911.

Mkonge na kadi ya kazi

Mkonge uliletwa na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf mwaka 1893. Alipata miche takriban elfu moja kutoka Florida, lakini iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Miche hiyo ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka hapo zao likaenea katika mashamba ya bonde la Pangani na kandokando ya reli. Mkonge hustahimili ukame na huvunwa mwaka mzima, lakini unahitaji watu wengi na mashine nzito karibu na shamba, kwa kuwa jani lililokatwa halina budi kusindikwa upesi kabla ya kunyauka.

Watu hawakupatikana kwa urahisi. Mkulima wa Usambara alikuwa na shamba lake na hakuona sababu ya kuliacha. Mwaka 1907 utawala wa Wilhelmstal ulianzisha kadi ya kazi: kila mwanamume aliyehusika alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa. Aliyeshindwa kuonyesha kadi iliyojazwa alipelekwa kwenye kazi za umma. Hapa ndipo swali la dhima lilipopata uzito wake wa kimaadili, maana wengi wa waliokuwa wakiumia hawakuwa wamechagua kazi hiyo wenyewe.

Huko Ujerumani kwenyewe, tangu sheria ya mwaka 1884 ya utawala wa Bismarck, mfanyakazi wa kiwandani aliyeumia kazini alilipwa na bima iliyochangiwa na waajiri, pasipo kulazimika kuthibitisha uzembe. Bima hiyo haikumfikia kibarua Mwafrika wa koloni. Sheria za kazi za mwaka 1909, zilizotungwa wakati wa Gavana Rechenberg, zilidhibiti uandikishaji wa vibarua na mikataba yao na kumtaka mwajiri atunze afya zao. Ziligusa matunzo wakati wa mkataba. Mtu aliyepoteza kiungo hakupata haki ya kulipwa kwa maisha yaliyobaki.

Hatari zenyewe

Hatari za mkonge huanzia shambani. Ncha ya jani ina mwiba mgumu mweusi unaoweza kutoboa jicho la mkataji anayeinama kulifikia jani la chini, ndiyo maana mwiba huo hukatwa kabla ya majani kufungwa mafungu ya majani 30. Maji ya jani huwasha ngozi. Panga hukata mguu pale mtu anapoharakisha kumaliza kazi aliyopangiwa kabla ya jua kuwa kali.

Hatari kubwa zaidi iko kiwandani, kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama ya jani. Majani huletwa kwa vitoroli vya reli nyembamba, mafungu hufunguliwa, na vibarua huyapanga majani ubavu kwa ubavu juu ya mkanda unaotembea. Mashine huyabana, kisha huyapitisha kwenye ngoma inayozunguka kwa kasi yenye visu butu. Visu huponda nyama ya jani huku maji yakimwagwa kuisukuma taka, na nusu ya jani hubaki singa tupu, yaani nyuzi. Ngoma ya pili husafisha nusu iliyosalia. Mpangaji wa majani hufanya kazi kwa mikono, haraka, sakafu ikiwa imelowa na kuteleza, kelele zikimzuia kusikia onyo. Mkono ukinaswa pamoja na majani, mashine haitofautishi. Baada ya hapo singa huanikwa juani na kupelekwa kwenye mashine za brashi, ambako vumbi jingi huingia kifuani.

Ajali ya namna hii haielezeki kwa kosa la mtu mmoja. Pengine kinga ya mashine iliondolewa ili kusafisha, mnyapara akaharakisha kazi, kibarua akachoka, sakafu ikateleza. Sheria inayomtafuta mkosaji mmoja peke yake hukosa jibu, na aliyeumia ndiye hubaki na hasara.

Sheria ya Kiingereza yaingia

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa hati ya udhamini ya Shirikisho la Mataifa. Hati hiyo ilikataza kazi za lazima isipokuwa kwa shughuli muhimu za umma na kwa malipo, na ilimtaka mdhamini kuwalinda wenyeji dhidi ya hila katika mikataba ya kazi. Kuhusu sheria, Amri ya Tanganyika ya mwaka 1920 ilileta sheria ya mapokeo ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920.

Chini ya mapokeo hayo mtu aliyeumia aliweza kudai fidia kwa uzembe. Alitakiwa kuthibitisha mambo manne: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kumwangalia, kwamba wajibu huo ulivunjwa, kwamba kuvunjwa kwake ndiko kulikosababisha madhara, na kwamba madhara yana thamani inayoweza kukadiriwa. Kwa mfanyakazi kulikuwa na kikwazo cha ziada. Tangu shauri la Priestley dhidi ya Fowler la mwaka 1837, mahakama za Uingereza zilishikilia kwamba anayekubali kazi hukubali pia hatari ya uzembe wa wafanyakazi wenzake. Kwa kanuni hiyo, kibarua aliyejeruhiwa kwa sababu mwenzake aliwasha mashine kabla ya wakati asingeweza kumdai mwenye shamba. Waingereza waliifuta kanuni hiyo kwao mwaka 1948.

Kwa kibarua wa Mazinde, hata mlango wa mahakama ulikuwa mbali. Hakuwa na wakili, hakujua Kiingereza cha mahakama, na shahidi wake pekee alikuwa kibarua mwenzake anayemtegemea mwajiri yuleyule. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilimwekea mwajiri masharti ya matibabu na chakula, lakini pia ilifanya utoro wa kazini kuwa kosa la jinai. Idara ya Kazi ilianzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Granville Orde-Browne, na maofisa wake wakaanza kukagua kambi na mashamba. Mwaka 1931, katika mdororo wa uchumi, idara hiyo ilivunjwa, na ilirudishwa miaka kadhaa baadaye. Katika kipindi hicho cha kati ukaguzi ulidhoofika, na ajali isiyokaguliwa mara nyingi haikuandikwa popote.

Manamba

Vita Kuu ya Pili iliupandisha mkonge thamani, kwa kuwa Japani iliteka Ufilipino na Java, vyanzo vikubwa vya nyuzi ngumu. Serikali ya Tanganyika ikaandikisha watu kwa nguvu kufanya kazi mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya pamoja ya kuajiri vibarua, SILABU, iliyowachukua watu kutoka mikoa ya mbali na kuwasafirisha hadi mashamba ya Tanga na kwingineko. Hao ndio walioitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambulika kwa namba.

Kuajiriwa kwa namba kulizidisha ugumu wa dhima. Namba aliyekufa kiwandani alikuwa na mke na wazazi mamia ya kilomita mbali, wasiojua alikofia wala nani wa kumdai. Aliyekatika kidole alirudishwa kwao mkataba ulipokwisha, na ulemavu wake ukawa mzigo wa kijiji ambacho hakikupata faida yoyote ya mkonge. Kwa hiyo gharama halisi ya ajali ilihamishwa kutoka kwenye hesabu za shamba hadi kwenye jamii za mbali.

Fidia bila kutafuta kosa

Badiliko kubwa lilikuja na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 1949. Msingi wake ulifanana na ule wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1897: mtu akiumia kwa ajali iliyotokea kazini na iliyosababishwa na kazi, mwajiri hulipa, awe na kosa au asiwe nalo. Aliyejiumiza kwa makusudi au kwa ukaidi mkubwa aliweza kunyimwa. Viungo vya mwili viliwekwa katika jedwali la asilimia, na malipo yalikadiriwa kwa ujira wa mhusika. Mahakama na ofisa wa kazi walihusika kusimamia makubaliano ili mlemavu asisainishwe kiasi kidogo kwa kutojua.

Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Viwanda, iliyodai mashine za hatari ziwekewe kinga, sakafu na ngazi ziwe imara, na ajali ziripotiwe kwa mkaguzi. Sheria ya mwaka 1955 ikawapa wategemezi wa marehemu haki ya kumdai aliyesababisha kifo, na ikaondoa ugumu wa zamani uliomnyima mdai kila kitu ikiwa naye alichangia kosa. Tangu hapo fidia hupunguzwa kwa kadiri ya mchango wake katika ajali.

Sheria hizo tatu zilifanya kazi pale tu kulipokuwa na mtu wa kuzidai. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mashamba ya mkonge, yaliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000 nchini, yalipata chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na Victor Mkello, na Mazinde ilikuwa miongoni mwa mahali palipotokea migomo. Madai yalihusu zaidi ujira na kutambuliwa kwa chama. Hata hivyo, kuwapo kwa mwakilishi shambani kulibadili pia mambo ya ajali, kwa kuwa mtu aliyejua kusoma jedwali la fidia aliweza kusimama upande wa aliyeumia.

Kutoka kilele hadi shilingi 108,000

Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1964, takriban tani 230,000. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa na kuwekwa chini ya shirika la umma. Wakati huohuo nyuzi za plastiki zilianza kuteka soko la kamba, bei ikaporomoka, na uzalishaji ukashuka mfululizo hadi mashamba mengi kurudishwa kwa wawekezaji binafsi katika miaka ya 1990.

Kuporomoka huko kuliathiri usalama moja kwa moja. Korona zilizeeka, vipuri vikakosekana, na kinga zilizovunjika hazikurudishwa. Pia fidia yenyewe iliyeyuka. Viwango vya juu vya sheria ya mwaka 1949 vilikuwa vimetajwa kwa shilingi, na havikupandishwa sambamba na bei za bidhaa. Hadi mwanzoni mwa karne hii, familia ya aliyefia kazini ilikuwa na haki ya kisheria isiyozidi shilingi 83,000, na aliyelemaa kabisa shilingi 108,000. Kiasi hicho hakikutosha hata matibabu ya muda mfupi, sembuse maisha ya mtu asiye na mkono. Sheria ilibaki vitabuni, lakini dhima ilikuwa imekwisha thamani, na mwajiri hakupoteza chochote cha maana kwa kuiacha mashine bila kinga.

Mageuzi ya karne ya 21

Marekebisho yalianza upande wa kinga. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ikachukua nafasi ya Sheria ya Viwanda. Tofauti kubwa ni kwamba sheria mpya haikuishia kiwandani. Inagusa pia shamba, hoteli, duka na ofisi, na inataka sehemu za kazi zisajiliwe, zikaguliwe, na wafanyakazi wapimwe afya.

Upande wa fidia, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliondoa mzigo kwa mwajiri mmoja mmoja na kuuweka kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri walianza kuchangia mwaka 2015, na madai yakaanza kulipwa mwaka uliofuata. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022. Malipo sasa hufuata kipato, na mlemavu wa kudumu au mjane anaweza kupata pensheni ya kila mwezi badala ya fungu moja. Familia haitegemei tena kama mwenye shamba ana fedha au amefilisika.

Mfuko huo hata hivyo humlinda aliyeandikwa. Mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na dai hutakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Kibarua wa kutwa asiye na mkataba, au yule aliyeajiriwa kupitia wakala asiyechangia, huanza kwa kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi. Ni tatizo lilelile la manamba likiwa na sura nyingine: haki ipo, lakini jina halipo kwenye orodha.

Wageni, watoto na maji

Wafanyakazi hawakuwa peke yao karibu na korona. Kambi zilijengwa jirani na kiwanda, na watoto walicheza kandokando ya mitaro na mashimo ya maji taka. Jani la mkonge lina takriban asilimia 4 tu ya singa. Kinachobaki ni maji na uchafu, na kiwanda hutumia maji mengine mengi kuusukuma nje. Mtoto akizama katika shimo hilo, sheria ya fidia ya wafanyakazi haimgusi, kwa kuwa hakuwa kazini. Hapo hurejewa dhima ya anayelitawala eneo.

Kanuni za dhima hiyo zilizaliwa katika mahakama za Uingereza na kuwekwa katika sheria ya huko mwaka 1957, na Tanzania nayo ikawa na sheria yake ya aina hiyo. Anayetawala eneo anatakiwa kuchukua tahadhari ya kutosha ili mgeni awe salama kwa lile lililomleta. Kibao cha onyo hakimwondolei wajibu isipokuwa onyo lenyewe linamwezesha mgeni kujikinga. Na kwa mtoto kiwango cha tahadhari hupanda, kwa kuwa mtoto hatarajiwi kuwa mwangalifu kama mtu mzima, na maji humvuta.

Hizi ndizo kanuni zinazotawala leo mabwawa ya kuogelea ya hoteli na shule. Uzio wenye lango linalofungika, alama za kina, maji safi yanayoonyesha sakafu, mfuniko imara kwenye mdomo wa kutolea maji, mwokoaji aliyefunzwa na vifaa vya kumvuta mtu vina nafasi ileile iliyo nayo kinga ya chuma kwenye korona. Mzazi aliyemwacha mtoto bila uangalizi aweza kuonekana kuwa na sehemu ya lawama, lakini uzembe wake haufuti wajibu wa mwenye bwawa. Dai la uzembe lina muda wa miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, na aliyepatwa na ajali kazini bwawani, kama mwokoaji au msafishaji, huenda kwa Mfuko wa Fidia. Ukubwa wa tatizo ni wa dunia nzima: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuhimiza kinga.

Mwelekeo wa historia hii ya Mazinde uko wazi. Sheria iliyomtaka aliyeumia kuthibitisha kosa ilimwacha bila chochote. Ile iliyomlipa bila kutafuta kosa ilimsaidia hadi kiwango chake kilipokufa kwa mfumuko wa bei. Kinga ilishika pale mkaguzi alipofika na taarifa ilipoandikwa. Kwa hiyo mambo matatu huenda pamoja, shambani na bwawani: anayefaidika na hatari awajibike kuizuia, fidia ifuate gharama halisi ya maisha, na kila ajali iandikwe kwa jina la aliyeumia siku ilipotokea.